Mzazi Akipotewa na Kumbukumbu: Mwongozo Kamili wa Kumtunza Mgonjwa wa Alzheimer Nyumbani Lamu

Mzee akiuliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa, watu wa nyumbani husema, "Ni uzee huo." Akipotea kati ya Langoni na Mkomani, njia aliyoipita maisha yake yote, husema tena ni uzee. Akianza kumshuku mkaza mwanawe kuwa amemwibia bangili, hapo maneno hugeuka: amerogwa, ana shetani, au ni ukorofi tu uliomzukia ukubwani. Kati ya "ni uzee" na "amerogwa" hupotea miaka. Na hiyo ndiyo miaka iliyokuwa na faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado anaweza kusema anataka nini, kutia sahihi na kushauriana na wanawe.

Nimemuuguza mama yangu kwa ugonjwa huu wa Alzheimer, na tangu hapo jirani na jamaa hunijia kuniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio wa jinsi ugonjwa wenyewe unavyokuja. Jambo moja lishikeni tangu sasa: mgonjwa hawezi tena kubadilika ili atufuate sisi. Sisi, nyumba na siku yenyewe ndivyo vinavyoweza kubadilika vikamfuata yeye.

Hatua ya kwanza: ujueni ugonjwa wenyewe

Mwaka 1901 mwanamke aitwaye Auguste Deter alilazwa hospitalini mjini Frankfurt, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 51. Akiulizwa jina la mumewe, alitaja lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini akakuta vidonge vya uchafu vilivyoganda kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo inajulikana kuwa vile vidonge ni vya protini iitwayo amiloidi, na zile nyuzi ni za protini iitwayo tau. Seli hufa kidogo kidogo na ubongo husinyaa. Kazi hiyo huanza kimyakimya, pengine miaka 20 kabla ya mtu kuonyesha dalili yoyote.

Dimenshia ni jina la hali ya akili kudhoofika hadi mtu ashindwe na shughuli zake za kila siku. Alzheimer ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta, na ndiyo kubwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema huchangia asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote, na kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana dimenshia. Nyingine huletwa na mishipa ya damu ya ubongo iliyoziba au kupasuka, na hiyo hapa pwani tusiipuuze, maana shinikizo la damu na kisukari vimetujaa majumbani. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

Alzheimer hupenda kuanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama anaweza kukusimulia harusi ya dada yake, nani alipiga ngoma na nani aligombana na nani, kisha asikumbuke kama amekula asubuhi. Ni kama daftari la karani aliyeishiwa wino: kurasa za zamani zinasomeka, mpya haziandikiki. Watu wengi hapa hudanganyika. "Mbona ya zamani anayajua yote? Anajifanya huyo." Hajifanyi.

Ugonjwa hauambukizi. Kwa watu walio wengi haurithiwi moja kwa moja, ingawa kuwa na mzazi aliyeugua huongeza uwezekano kidogo. Umri ndio sababu kubwa: baada ya miaka 65, hatari huongezeka karibu maradufu kila miaka mitano. Lakini kuna wazee wengi wa miaka 90 ambao akili zao ni timamu kabisa, kwa hiyo kuuita "uzee tu" si kweli.

Kuhusu uchawi, niseme wazi

Huku bara kwetu upande wa Malindi, Magarini na Ganze, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hili si siri. Serikali inalijua na magazeti yameliandika miaka na miaka. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapokimbilia wazee waliotishiwa maisha na jamaa zao wenyewe. Sasa fikirini dalili za ugonjwa huu: mzee hutembea usiku, huongea peke yake, hubisha hodi nyumba isiyo yake, huvua nguo nje, humwita mtu aliyekwisha kufa. Kila dalili hapo inaweza kugeuzwa ushahidi wa kumwangamiza.

Kwa hiyo kuficha ugonjwa ni hatari kuliko aibu yake. Mkishajua, waambieni majirani, imamu au mchungaji, mzee wa mtaa na chifu: "Babu ana ugonjwa wa ubongo, daktari amemwona, mkimkuta usiku tupigieni simu." Mkiwa na barua ya hospitali, wekeni nakala. Akitishiwa, pigeni ripoti polisi na mumhamishe siku hiyo hiyo, msingoje kikao cha ukoo.

Hatua ya pili: angalieni na muandike

Kusahau kuna namna zake. Mtu mzima akisahau jina la mtu kisha likamjia jioni, hiyo ni kawaida. Akisahau kwamba alikuuliza, akauliza upya kama mara ya kwanza, hapo kaa macho. Kusahau ufunguo umewekwa wapi ni jambo la kila mtu. Kuutazama ufunguo usijue ni wa kazi gani ni jambo jingine.

Dalili ya mapema ambayo familia zetu huikosa ni kazi ya mikono kuharibika. Mwanamke aliyekuwa akishona kofia za mkono na hakosei tundu, sasa anafumua na kurudia. Mpishi wa biriani za harusi anasahau chumvi au anatia mara mbili. Nahodha anachanganya fundo. Muuza duka anarudisha chenji zaidi ya pesa aliyopewa. Vilevile tazameni tabia: mcheshi aliyenyamaza, mstaarabu aliyeanza kutukana, mtu wa barazani asiyetaka tena kutoka kwa kuwa hafuati mazungumzo na anaona haya.

Chukueni daftari. Kwa wiki mbili au tatu andikeni tarehe, kilichotokea na saa. "Jumanne alfajiri, alivaa nguo kutoka, akasema anachelewa madrasa." Maelezo ya namna hiyo yana thamani kwa daktari kuliko kumwambia "anasahau sana", hasa kwa kuwa mgonjwa mwenyewe akifika mbele ya daktari hujikaza akaongea vizuri mno.

Hatua ya tatu: hospitali, na mambo ya kuulizia

Anzeni hospitali iliyo karibu. Kwa wa Lamu mjini ni King Fahd. Hakikisheni mzee amesajiliwa katika SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hamjaenda. Picha ya ubongo huenda ikadai safari ya kuvuka hadi Mokowe na kuendelea Malindi au Mombasa. Lakini mengi ya lazima hupimwa kwa damu, mkojo na mazungumzo, kwa hiyo ukosefu wa picha usiwazuie kuanza.

Sababu ya kwenda mapema ni kwamba si kila anayesahau ana Alzheimer, na yapo mambo yanayofanana nayo yanayotibika. Ulizieni haya kwa majina: upungufu wa damu, vitamini B12, tezi ya thairoidi, sukari, figo na chumvi za mwilini, virusi vya Ukimwi, na kaswende. Msione haya kwa hizo mbili za mwisho. Kaswende ya zamani huweza kufika kwenye ubongo, na kipimo chake ni rahisi. Mwambieni daktari kama mzee alianguka akagonga kichwa hata wiki kadhaa nyuma, kwani damu huweza kuvuja taratibu ikakusanyika juu ya ubongo. Huzuni nzito baada ya kufiwa na mwenzake nayo hufanana na usahaulifu. Masikio mazito na mtoto wa jicho humfanya mtu aonekane amepotewa na akili kumbe hasikii wala haoni.

Bebeni dawa zote anazotumia, ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Baadhi ya dawa za kawaida huvuruga akili ya mzee: Piriton ya mafua na mzio, amitriptyline ya huzuni, vidonge vya usingizi, na baadhi ya dawa za kibofu. Nimeona mtu akipata nafuu ya wazi kwa kupunguziwa dawa tu.

Jambo ambalo sijaona likielezwa kwa familia ni hili la mtihani wa kumbukumbu. Daktari au muuguzi atamuuliza tarehe, mwezi, saa, atamwambia aandike sentensi au achore saa ya ukutani. Wazee wetu wengi, hasa wanawake, walisoma chuoni na hawakwenda skuli; wanasoma Kiarabu na pengine kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hawazijui. Mama akiulizwa ni mwezi gani akajibu "Shaabani", na kweli ni Shaabani, amejibu sahihi. Akisema ni saa mbili asubuhi wakati saa ya Kizungu inaonyesha nane, amejibu sahihi. Mzee wa bahari anaweza asijue ni Februari lakini akakwambia bila kusita kuwa kaskazi bado inavuma. Mwelezeni anayepima elimu yake na lugha yake kabla hajaanza, na muombe mtihani ufanywe kwa Kiswahili. La sivyo atapewa alama za mgonjwa mtu aliye mzima.

Dharura ni hii: mzee aliyekuwa sawa juzi na leo haelewi kitu, anaona watu wasiokuwepo au analala tu hafumbui macho. Alzheimer haiji kwa siku mbili. Hapo huenda pana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, homa ya mapafu, kupungukiwa maji, sukari iliyoshuka au kiharusi. Hata aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na Alzheimer, akizidiwa ghafla, mpelekeni mara moja.

Dawa zinaweza nini

Hakuna dawa inayoponya. Ziko zinazosaidia kwa kiasi: donepezil huanzwa kwa miligramu 5 kwa siku, na baada ya wiki nne hadi sita daktari anaweza kuipandisha hadi 10. Kuna pia rivastigmine na galantamine, na memantine kwa ugonjwa uliofika katikati au mbele zaidi. Baadhi ya wagonjwa huchangamka, hufuata mazungumzo vizuri zaidi kwa muda. Wengine hamtaona tofauti. Angalieni kichefuchefu, kuharisha, ndoto mbaya, na hasa mapigo ya moyo kwenda polepole au kuzimia. Haya yakitokea rudini kwa daktari.

Marekani iliidhinisha lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, dawa zinazoondoa amiloidi kwenye ubongo. Ni za wagonjwa walio mwanzoni kabisa, hutiwa kwa dripu, hupunguza kasi ya ugonjwa bila kuusimamisha, na zinahitaji picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa kuwa huweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Kuuza kiwanja cha familia kwa ajili yake, mimi sishauri.

Dawa za kutuliza wendawazimu, kama haloperidol, zisiwe za kumnyamazisha mzee msumbufu. Kwa mwenye dimenshia huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Zina mahali pake, pale anapojihatarisha au kuhatarisha wengine na njia zote zimeshindwa, kwa dozi ndogo na muda mfupi.

Kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani, na kusomewa dua, kama vinampa utulivu, sina ugomvi navyo. Sauti ya Kurani humtuliza mgonjwa kuliko vidonge vingi. Ninachokataa ni mtu anayewaambia muache dawa za shinikizo, anayempiga "shetani" ndani ya mwili wa mzee, anayemnyima chakula, au anayewauzia tiba ya uhakika.

Hatua ya nne: kikao cha familia wakati bado anaweza kusema

Kaeni mapema, na yeye mwenyewe awepo. Muulizeni anataka kuishi na nani, nani amshikie pesa, nani amuogeshe siku akishindwa, na azikwe wapi. Ni maneno mazito, najua. Lakini wazee wetu huzungumza kifo kwa utulivu kuliko watoto wao.

Pesa kwanza. Mgonjwa mwenye simu atatuma M-Pesa kwa tapeli yeyote atakayempigia kwa sauti nzuri. Punguzeni salio linalokaa kwenye laini yake na mumtie mtu mmoja mwaminifu awe na nambari ya siri, huku akiandika matumizi mbele ya ndugu wote. Mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea anaweza kuandikishwa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi. Ulizeni kwa chifu jinsi ya kumwandikisha pia mlezi wake.

Hati za nyumba, mashamba na vyombo ziwekwe mahali panapojulikana. Kama anataka kuandika wosia, aandike sasa. Kwa Waislamu wosia hauvuki thuluthi moja ya mali, na mambo ya mirathi ni ya Mahakama ya Kadhi. Hati ya kumpa mtoto uwakilishi ina kikomo ambacho wengi hawakijui: aliyeitoa akipotewa na akili, ile ya kawaida huacha kufanya kazi, na baada ya hapo mambo ya mali yake hupelekwa mahakamani ili ateuliwe msimamizi. Muoneni wakili mapema. Na mtu yeyote anayemfuata mgonjwa na karatasi ya kuuza kiwanja ili atie dole gumba, huyo mzuieni hadharani.

Kisha gawaneni kazi. Desturi yetu ni kumwachia binti mmoja, mara nyingi asiyeolewa au aliyeachika, kana kwamba yeye hana maisha. Wavulana huja Ijumaa, wanabusu mkono, wanatoa noti, wanakwenda zao. Hiyo si haki. Mwana wa kiume anaweza kumlisha mama yake, kukaa naye usiku mmoja kwa wiki, kufua na kwenda hospitali. Walio Mombasa, Nairobi au Arabuni watume pesa kwa mwezi, kiasi kinachojulikana, na wakija likizo wamshike mgonjwa wao ili mlezi aende akapumzike.

Hatua ya tano: nyumba

Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa hewa na sitara. Kwa mtu asiyeona vizuri na asiyekumbuka, zina mitego. Ngazi ni nyembamba na vidato vyake havilingani: tieni kamba nene au bomba la kushikia, pakeni ukingo wa kila kidato rangi nyeupe, na mgonjwa alale chini ikiwezekana. Kisima na birika la maji vifunikwe kwa kifuniko kizito chenye kufuli. Mlango wa kutokea darini ufungwe daima.

Jikoni: gesi ifungwe kwenye mtungi kila baada ya kupika, jiko la makaa lisiachwe naye. Mafuta ya taa na dawa ya choo visiwekwe kamwe katika chupa za soda. Mbuzi ya kukunia nazi na visu vifichwe. Usiku acheni taa ndogo ikiwaka kutoka kitandani hadi chooni, na mlango wa choo ukae wazi ili akione. Kioo kikubwa kikimtisha, kwa kudhani ni mtu mgeni amesimama chumbani, kifunikeni kwa leso.

Akitangatanga, msimfungie ndani peke yake; moto ukizuka hatoki. Wekeni komeo juu kabisa au chini kabisa ya mlango, mahali asipozoea kutazama, na kengele ndogo. Shoneni kitambaa chenye nambari ya simu ndani ya kanzu au buibui, maana karatasi ya mfukoni ataitupa. Hapa tuna neema ambayo miji mikubwa haina: magari hayapiti vichochoroni mwetu, na kila kichochoro kina baraza lenye watu. Waambieni wa barazani, wenye punda, wauza kahawa na vijana wa mashua pale gatini, "Huyu akipanda chombo peke yake, mshusheni kwa heshima mtupigie." Akipotea, watu wawili wakimbilie majini kwanza, ukingo wa bahari na visima, na wengine waende nyumba aliyozaliwa au kuolewa. Wengi huwa wanarudi "kwao". Tangazeni msikitini bila kungoja saa zipite.

Hatua ya sita: namna ya kusema naye

Hii ndiyo hatua ninayoirudia kwa kila mtu, na ndiyo ngumu, kwa sababu inataka tuache kuwa sahihi.

Anakuuliza, "Baba yako hajarudi kutoka msikitini?" Baba alifariki zamani. Ukimwambia, "Mama, baba alikufa," utamfisha mbele yake upya, naye atalia kama siku ya kwanza, na baada ya nusu saa atauliza tena. Huna haja ya kumtungia kisa pia. Jibu hamu iliyo ndani ya swali: "Umemkumbuka baba, mama. Alikuwa akipenda nini akirudi kutoka msikitini?" Atakusimulia kahawa na haluwa, na moyo wake utatulia.

Anasema, "Nataka kwenda kwetu," naye yuko kwao. Msimwonyeshe kuta kumthibitishia. "Haya mama, tutatoka. Tunywe chai kwanza." Tembeeni kidogo hadi ukingoni, mrudi. Anasema, "Wewe umeniibia dhahabu yangu." Usiape. "Imepotea? Pole, bibi. Hebu tuitafute sote." Dhahabu ya kweli ihifadhiwe kwingine, na muwe na bangili za bei ndogo zinazofanana nazo, kwa kuwa atazificha ndani ya mchele au chini ya godoro. Jueni maficho yake. Anayeshutumiwa zaidi huwa ndiye anayemtunza zaidi, kwa hiyo ndugu wengine wasiwe wepesi wa kuamini.

Simama mbele yake, si nyuma. Jitaje: "Shikamoo mama, ni mimi Aisha wako." Usimtahini kwa "Unanijua mimi nani?", na wageni muwakataze pia, ni swali la kumdhalilisha mtu. Uliza jambo moja kwa wakati mmoja. Badala ya "Utakula nini?" sema, "Utakula mkate au muhogo?" Mpe muda wa kujibu, mrefu kuliko unavyoona unafaa. Na msimzungumzie kama hayupo, hata anapokuwa amenyamaza. Maneno humpotea kabla ya hisia. Dharau ataihisi, na hasira yake itabaki hata sababu akiisahau.

Siku yake

Adhana tano ni saa nzuri kuliko ya ukutani, kwa hiyo fungeni siku juu yake: aoge baada ya jambo lile lile, ale wakati ule ule, apumzike kidogo baada ya adhuhuri na asilale mchana kutwa. Wagonjwa wengi hufadhaika kuanzia alasiri hadi magharibi. Hutembea huku na huko, hugombana, hutaka kutoka. Washeni taa kabla giza halijaingia, punguzeni kelele na wageni, kahawa iishe mchana.

Mpeni kazi ambayo mikono yake bado inaijua. Kuchambua mchele, kukunja leso, kusuka ukili, kupanga sahani na vikombe, kuvuta tasbihi. Isiwe nzuri, haidhuru. Msiifanye upya mbele yake. Kasida na maulidi alizohifadhi utotoni hubaki muda mrefu sana, na mtu asiyeweza kumaliza sentensi huweza kumaliza ubeti mzima.

Kuoga humtisha. Maji yawe ya uvuguvugu, anayemuogesha awe wa jinsia yake, na leso ibaki mwilini huku mkiosha sehemu moja moja. Akikataa, mwacheni, mjaribu baadaye. Mpelekeni choo kila baada ya saa mbili hivi bila kumuuliza.

Samaki atolewe miiba yote kabla hajaletwa mezani. Chakula cha kushika kwa mkono, kama mahamri, vipande vya viazi au embe, humfaa asiyejua tena kutumia kijiko. Maji mpeni mara kwa mara kwa vikombe vidogo, maana kiu haisikii. Dafu, chai nyepesi na uji vyote huhesabika. Kuhusu saumu na sala, kalamu imenyanyuliwa kwa aliyepotewa na akili, yaani haandikiwi dhambi. Akisali rakaa sita, mwacheni. Asifungishwe Ramadhani akakosa dawa na maji, na kwa aliye mwanzoni mwa ugonjwa muulizeni daktari pamoja na sheikh wenu.

Anayemtunza naye ni mtu

Asiyelala usiku kwa miezi atapiga kelele, hata kuinua mkono kwa mgonjwa. Hiyo ni ishara kwamba msaada umechelewa, na familia nzima inawajibika. Mlezi apate angalau usiku mmoja kamili wa usingizi kwa wiki, na muda wa kutoka nyumbani bila kuulizwa anakwenda wapi. Apimwe shinikizo la damu. Anayelia kila siku, asiyekula au anayetamani kufa, naye ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Kenya kuna chama cha familia za wagonjwa hawa, Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya. Kusema na mtu aliyepitia huondoa upweke ambao ndugu hawauoni.

Na nyinyi watoto mnaoogopa yenu: jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la The Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia karibu asilimia 45 ya dimenshia zote, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, lehemu (kolesteroli) mbaya, sigara, uziwi na macho yasiyotibiwa, kukaa bila mazoezi, na upweke. Shinikizo la damu linapimwa hapa hapa. Anzeni nalo.

Mwisho wa ugonjwa

Wengi huishi miaka minne hadi minane baada ya kugunduliwa, wengine hata 20. Mwishoni mgonjwa hashiki mazungumzo, hatembei, humeza kwa shida. Mgeuzeni kitandani kila saa mbili na mtazame ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Wekundu usioondoka ni mwanzo wa kidonda. Safisheni kinywa kwa kitambaa laini mara mbili kwa siku. Maumivu atayasema kwa uso, kwa kukunja ngumi, kwa kuguna mnapomgusa. Mwambieni daktari, apate dawa ya maumivu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mlisheni akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Uji mzito na mtindi hupita salama kuliko maji matupu. Mpira wa kulishia kupitia puani au tumboni haujaonekana kurefusha maisha katika hatua hii wala kuzuia kupaliwa, kwa hiyo mkishauriwa kuwekewa, ulizeni unawekwa kwa faida gani. Kulisha kwa mkono, hata akila vijiko vitatu, kunatosha siku nyingi. Lakini aliyepaliwa kisha akapata homa, au akaanza kuhema kwa kasi na kifua kukoroma, mwiteni muuguzi au mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.